Kuhesabu vimondo ukiwa Unguja au Pemba, na namna ya kusoma vumbi la nyota za mkia

Hii nawaandikia wale wanaopenda kuangalia juu usiku lakini wanaishia kusema "nimeona kimondo" halafu basi. Ukienda na mkeka, saa na daftari unarudi na hesabu, na hesabu hio ukijua kuisoma inakwambia zile chembe ni ndogo au kubwa, zinakuja kwa mwendo gani, laini au ngumu, na mara nyingi hata nyota ya mkia gani iliyozitupa. Darubini huhitaji, tena darubini inaharibu, inakupa kipande kidogo tu cha mbingu na kimondo hakikusubiri ukitafute.

Kwanza tuelewane unaangalia nini. Nyota ya mkia ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi na mawe, linazunguka jua kwa njia ndefu sana, likikaribia jua ile barafu inageuka gesi moja kwa moja na gesi inalipeperusha vumbi nje. Vumbi halipotei, linabaki linazunguka kwenye njia ile ile, lori la mchanga lisilofunikwa turubali likipita kutoka Mahonda hadi Bububu huhitaji kuliona lenyewe kujua limepita wapi. Sasa dunia kila mwaka tarehe zile zile inaikatiza njia hio, chembe zinaingia kwenye hewa yetu kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde, na kule juu kilomita mia hivi zinageuka mvuke, mwanga unaouona ni wa atomi za chembe yenyewe na za hewa iliyogongwa. Nyingi zina ukubwa wa punje ya mchanga tu. Ikija ya ukubwa wa choroko hapo utasikia ufukwe mzima watu wanapiga ukelele.

Wazee watakwambia hapo shetani anapigwa. Mie sibishani na mzee saa nane za usiku, mkaribishe mkekani, macho yake mawili nayo yanahesabu.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA USIKU

Mvua za vimondo, yani zile siku dunia inapokatiza njia ya vumbi, ziko nyingi kwenye kalenda lakini kwa sisi tulio nyuzi tano sita kusini ya ikweta sio zote zina faida sawa, na hapa ndipo watu wanapopotea kwa sababu wanasoma maelezo ya watu wa Ulaya wanayachukua hivo hivo.

Ya kwanza kwangu ni Jeminidi, usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba. Kitovu chake, yani pale mbinguni ambapo vimondo vyote vinaonekana vinachomokea, kiko kwenye kundi la nyota la Mapacha karibu na nyota ya Kastori, na kwetu kinatoka kaskazini mashariki kama saa mbili na nusu usiku, kinafika juu kabisa saa nane na kitu. Maana yake hata mwenye watoto na kazi asubuhi anaweza kuanza saa nne akapata chake. Vimondo vyake vinakwenda kilomita 35 kwa sekunde, kwa vimondo hio ni pole pole, unakiona vizuri na unapata muda wa kumgusa mwenzio.

Ya pili ni Eta Akwaridi, karibu na tarehe 6 Mei, na hii ni ya kwetu khasa kuliko ya wao. Ni vumbi la nyota ya mkia ya Halley. Kitovu kiko karibu na ikweta ya mbingu (ule mstari wa mbinguni ulio juu ya ikweta ya dunia), kwetu kinatoka mashariki saa nane usiku, kabla ya alfajiri kimeshapanda nusu ya mbingu, wakati watu wa Uingereza kwao kinatoka jua nalo linakaribia, hawaambulii kitu. Tatizo la Mei unalijua mwenyewe, masika. Lakini kilele chake hakikatiki ghafla, kinakaa siku kadhaa, kwa hio mawingu yakikunyima tarehe 5 jaribu 7 au 8.

Persidi za Agosti, tarehe 12 kuamkia 13, ndizo zenye jina kubwa duniani, ila kitovu chake kiko kaskazini mno. Kwetu kinachomoza karibu na saa saba usiku na mpaka alfajiri kiko chini chini, ngumi mbili na kitu juu ya upeo. Tutapata theluthi tu ya wanazopata wenzetu wa kaskazini, haya ni maumbo ya dunia hakuna wa kumlaumu. Zile unazoziona lakini mara nyengine ni ndefu mno, zinapasua mbingu toka kaskazini mpaka juu ya kichwa, kwa sababu chembe zinaingia kwa ulalo.

Halafu kuna Delta Akwaridi za kusini, mwisho wa Julai tarehe 30 na 31. Huko nje hazisifiwi, ni hafifu, lakini kwetu kitovu kinapita karibu juu ya utosi saa nane na nusu usiku na kusi limeshafagia mawingu ya masika. Orionidi (21 na 22 Oktoba) ni vumbi la Halley pia, tunakutana nalo mara ya pili mwaka huo huo upande mwengine wa njia yake. Leonidi za tarehe 17 na 18 Novemba miaka ya kawaida ni vimondo kumi au kumi na tano kwa saa, mie siamki kwa ajili hio, nitaeleza mbele kwa nini lakini usizifute kwenye daftari.

HATUA YA PILI: ANGALIA KALENDA YA KIISLAMU

Sio masihara. Adui mkubwa wa vimondo ni mwezi, na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakwambia mwezi uko wapi bila ya app yoyote. Vimondo vingi vinakuja baada ya usiku wa manane, kwa sababu alfajiri sisi tuko upande wa mbele wa dunia inavyokwenda, tunavifuata vimondo usoni. Kwa hio mwezi wa tarehe 1 hadi 7 au 8 hauna neno, unatua kabla ya kazi kuanza. Tarehe 13 hadi 18 lala. Kuanzia 20 mpaka 26 ndio mtego, watu wanaona jioni giza wanafurahi, saa saba mwezi unachomoza na unakaa mpaka asubuhi. 28, 29, 30, nenda.

Mwaka 2026 Persidi zimekaa pazuri ajabu: tarehe 12 Agosti jua linapatwa huko Iceland na Uhispania, na jua halipatwi ila mwezi uwe umepotea, basi usiku ule giza tupu. Jeminidi za Desemba 2026 mwezi ni mchanga, unatua mapema usiku. Na Eta Akwaridi za 2027 zinaangukia siku ya mwezi mpya kabisa, tarehe 6 Mei.

Sasa kitu ambacho maelezo ya huko nje hayakwambii. Mwezi mpya ni bamvua, na bamvua kwetu maji yanajaa saa kumi, saa kumi ya jioni na saa kumi ya alfajiri. Yani usiku mzuri kabisa wa vimondo ndio usiku ambao bahari inapanda mpaka juu kabisa ya ufukwe, tena saa ile ile ambayo nyote mmelala chali mmezama mbinguni. Tandika mkeka juu ya ule mstari wa mwani uliokauka, sio chini yake. Simu pia usiiweke mchangani upande wa bahari.

HATUA YA TATU: PAHALA

Mjini sahau. Darajani, Michenzani, hata Fuoni na Mwanakwerekwe sasa hivi taa zimejaa, utaona vimondo vitatu vinne vikubwa tu. Nungwi na Paje bahari ni nzuri ila hoteli zimewasha mpaka minazi. Ukanda wa mashariki ukishatoka kwenye hoteli ndio wenyewe: Jambiani kuelekea Makunduchi, Matemwe sehemu za pembeni, Chwaka kwa wanaotoka mjini na hawataki mwendo mrefu. Mbele yako bahari wazi, hakuna mji mpaka huko Indonesia. Upande wa magharibi kuna jambo moja, usiku wa giza ndio usiku wa kuvua dagaa, mashua zinawasha taa kali, kuanzia Kama mpaka Mangapwani unaweza kukuta mji unaelea. Wavuvi wana haki yao, wewe hama.

Pemba raha zaidi. Vumawimbi na huko Makangale mpaka Ras Kigomasha kaskazini kote bahari, ukitaka Persidi hapo ndipo, upeo wa kaskazini umefunguka. Barabara ya kupita msitu wa Ngezi nendeni mchana mapema, usiku si pa kutafutia njia. Micheweni na pande za mashariki pia giza la kutosha.

Na tafadhali mwambie sheha au mtu wa mtaa ule mapema. Watu sita wamelala ufukweni gizani saa tisa usiku na tochi nyekundu, hata mie ningewaita ulinzi shirikishi.

Umeme ukikatika usinung'unike, toka nje. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika tarehe 10 ukakaa karibu miezi mitatu, na Jeminidi za mwaka ule ziliangukia siku chache tu baadae, mwezi nao umekaribia kupotea. Mji mzima gizani kwa ajili ya mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Watu walikuwa wanatafuta jenereta.

HATUA YA NNE: VITU VYA KUCHUKUA

Mkeka au jamvi, mto, kikoi na sweta (upepo wa kusi Julai na Agosti saa tisa usiku unaingia mpaka mifupani, usijidanganye eti Zanzibar joto), dawa ya mbu, chupa ya chai ya tangawizi au kahawa. Tochi ipake rangi ya kucha nyekundu kwenye kioo, mwanga mwekundu hauharibu macho. Saa yenye sekunde. Daftari na penseli, peni gizani inakataa kuandika hujui mpaka asubuhi. Au tumia kinasa sauti cha simu, skrini uizime kabisa, unasema tu kwa mdomo halafu unaandika kesho.

Macho yanataka dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na mtu mmoja akifungua WhatsApp usoni mwenu mnaanza upya wote. Hili liwekeeni sheria kabla hamjatoka nyumbani, baadae mtagombana.

HATUA YA TANO: KUHESABU

Lala chali, miguu uielekeze upande wa mbingu ulio na giza zaidi, na usikikodolee kitovu chenyewe. Vimondo vilivyo karibu na kitovu vinaonekana vifupi kwa sababu vinakuja kukuelekea, angalia ngumi nne au tano pembeni yake. Ngumi ninayosema ni hii: nyosha mkono, kunja ngumi, upana wake ni nyuzi 10 hivi za mbinguni. Kipimo hiki utakitumia usiku kucha.

Gawa usiku kwa vipande vya robo saa. Kila kimondo andika au sema mambo manne tu:

Cha mvua au mgeni? Rudisha mstari wake nyuma kwa macho, ukifika kwenye kitovu ni cha mvua ile, usipofika ni mgeni, muandike mbali. Wageni wapo kila usiku, kadhaa kwa saa, ukiwachanganya hesabu imekufa.

Mwangaza. Linganisha na nyota, angavu kabisa andika 0 au 1, za kawaida 2 na 3, hafifu ya kubahatisha 5. Kikizidi nyota zote andika chini ya sifuri, -1, -2, Zuhura ni kama -4.

Mwendo, haraka au pole.

Kimeacha moshi? Rangi gani? Moshi ule ni mstari wa mwanga unaobaki kimondo kikishaondoka, hesabu sekunde zake.

Kila mtu ahesabu peke yake. Hili watu hawalipendi kwa sababu raha ni kupiga kelele pamoja, lakini mkijumlisha vya watu watano mnapata namba isiyolingana na kitu chochote duniani. Pigeni kelele, lakini kila mtu aandike alichokiona yeye.

Mawingu yakipita andika yamefunika sehemu gani ya mbingu, robo, nusu. Ukipumzika kunywa chai andika dakika ulizopumzika. Na kazi inakwisha kwa adhana ya alfajiri, na hii imekaa vizuri kwa sababu adhana ile inatoka jua likiwa karibu nyuzi 18 chini ya upeo, ndio pale pale wanajimu wanapohesabu kwamba giza limekwisha.

Kitu kimoja zaidi, kila saa pima ubora wa mbingu yako. Miezi ya Oktoba mpaka Desemba rahisi, hesabu nyota za Kilimia bila ya kukodoa sana. Ukipata sita, mbingu ya kawaida. Ukifika nane tisa, umekaa pazuri. Mei Kilimia kimezama, tumia app ya ramani ya nyota kabla hujatoka, chagua nyota hafifu chache unazozijua magnitudo yake, yani zile namba za mwangaza, uone ipi ya mwisho unayoiona.

HATUA YA SITA: HESABU YA KUSAWAZISHA

Ukisoma kwamba Jeminidi ni "150 kwa saa" usidhani utaona 150. Namba zile zinadhania kitovu kiko juu ya utosi na unaona mpaka nyota za magnitudo 6.5, mbingu safi bila kiwaa. Ya kwako lazima uisawazishe.

Kitovu kikiwa ngumi mbili juu gawa kwa 0.34, ngumi tatu gawa kwa 0.5, ngumi nne na nusu gawa kwa 0.7, sita gawa kwa 0.87. Halafu kwa Jeminidi, kama nyota ya mwisho unayoiona ni magnitudo 5.5 badala ya 6.5, zidisha kwa 2.6. Tuseme saa saba usiku kitovu kiko ngumi nne na nusu, umehesabu 40 ndani ya saa nzima. 40 gawa kwa 0.7 ni 57, mara 2.6 unapata 148. Umekaa Jambiani na daftari la shule na umepata namba ya wataalamu.

Na wala hukupoteza kwa kuona 40 tu. 40 ni nyingi, kila dakika na nusu kimoja.

HATUA YA SABA: SASA LISOME VUMBI

Hapa ndipo pangu. Chukua daftari asubuhi ukishalala kidogo.

Anza na mwangaza. Panga vimondo kwa magnitudo uone vingapi vya 0, vingapi vya 1, vya 2, vya 3. Kila ukishuka hatua moja idadi inaongezeka, na inavyoongezeka mara ngapi ndio inayokwambia mchanganyiko wa chembe, mvua yenye vimondo hafifu wengi imejaa unga, yenye vikubwa wengi ina kokoto zaidi. Jeminidi zina kioja chake: kabla ya kilele vimondo hafifu ndio wengi, kilele kikishapita vinaongezeka vikubwa. Chembe ndogo na kubwa hazikukaa pamoja kwenye mkondo, zimejitenga. Mwanga wa jua wenyewe unasukuma vitu, na chembe ndogo inasukumwa zaidi kuliko kubwa, ukipita muda mrefu njia zao zinaachana. Ukihesabu siku mbili mfululizo, kuamkia 14 na kuamkia 15, unaweza kuliona hili kwa macho yako bila ya mashine yoyote.

Mwendo ndio unaokwambia njia. Halley inazunguka jua kinyume na dunia, kwa hio vumbi lake linatugonga uso kwa uso, kilomita 66 kwa sekunde, ndio maana Eta Akwaridi zinapita fyuu na nyingi zinaacha moshi. Leonidi 71, hizo ndio za kasi kuliko zote. Persidi 59. Jeminidi 35 kwa sababu zinakuja kwa ubavu.

Halafu umri. Watu wanadhani vimondo vya Mei ni vumbi la Halley lililomwagwa mwaka 1986 ilipopita mara ya mwisho. Hapana, njia ya Halley ya sasa haipiti karibu kabisa na ya dunia, vumbi lile la 1986 halijatufikia. Tunaloliona limemwagwa zamani sana, njia ya Halley ilipokuwa pengine kidogo, likavutwa vutwa na sayari, Mshtarii hasa, mpaka likasambaa. Ndio maana kilele cha Mei ni kipana cha siku nyingi, mkondo mpana ni mkondo mzee. Mkondo mchanga ni mwembamba na mkali, na hapa ndio pa Leonidi niliyokuahidi. Nyota yake ya mkia, Tempel-Tuttle, inarudi kila miaka 33 hivi na kila ikipita inaacha uzi wake mpya. Dunia ikikatiza uzi mpya, mbingu inamwagika: 1833 huko Marekani watu walidhani kiyama, 1966 tena, halafu 1999 na 2001. Ya 1999 wataalamu wa nyota David Asher na Robert McNaught waliitabiri saa yake kwa kufuata kila uzi ulimwagwa mwaka gani, wakapatia kwa dakika chache. Miaka mengine kavu. Kwa hio siamki kwa Leonidi za kawaida, ila kalenda yangu ina alama miaka ya 2030.

Aliyeunganisha kwanza kimondo na nyota ya mkia ni Giovanni Schiaparelli wa Italia, mwaka 1866, aliona njia ya Persidi na njia ya nyota ya mkia Swift-Tuttle iliyopita 1862 ni moja. Kabla ya hapo watu wengi walidhani vimondo ni mambo ya hewa tu.

Rangi nazo, ingawa usiziamini sana, jicho gizani linadanganya. Njano ya machungwa mara nyingi ni sodiamu, kijani cha buluu magnesiamu, nyekundu inatoka kwenye hewa yenyewe. Na vile vya kasi mstari wa kijani unaobaki nyuma ni oksijeni ya hewa yetu, sio ya chembe. Vipimo vya spektra, yani mwanga uliogawanywa kwa rangi zake, vya Jeminidi vimeonesha nyingi zina upungufu wa sodiamu, na sababu inaeleweka ukijua zimetoka wapi: Phaethon, kitu kilichogunduliwa 1983, sio nyota ya mkia ya kawaida bali jiwe linalofanana na asteroidi (yale mawe makubwa yanayozunguka jua), linaingia ndani mno karibu na jua, mara saba karibu kuliko dunia ilivyo. Joto la huko linaikausha sodiamu. Na chembe za Jeminidi ni ngumu, nzito kuliko vumbi laini la nyota za mkia, ukiona kimondo cha Jeminidi kinakwenda mstari umetulia mpaka mwisho, na cha Halley kinapasuka mwanga ghafla kinakufa, hapo unatazama ugumu wa vitu viwili tofauti.

Kuhusu vumbi lenyewe linavyofanana ndani, chombo cha angani cha Stardust kilipita kwenye nyota ya mkia Wild 2 Januari 2004 kikanasa chembe kwa erojeli (kitu chepesi mno kama povu lililoganda), kikazirudisha Utah Januari 2006. Walitarajia unga wa baridi tupu, wakakuta na madini yaliyoundwa kwenye joto kali karibu na jua changa, olivini na mengine. Yani mfumo wetu ulipokuwa unazaliwa vitu vilichukuliwa kutoka motoni vikapelekwa mpaka kwenye barafu ya mwisho. Mwaka 2009 wakathibitisha na glisini, moja katika matofali ya protini.

Wapo wanaouliza kama tunaweza kuliokota hilo vumbi juu ya mapaa ya bati kwa sumaku. La mvua za vimondo, hapana, linaisha juu kwa juu. Utakachookota karibu chote ni kutu na cheche za mchomeleaji.

HATUA YA NANE: UNGUJA NA PEMBA PAMOJA

Hii natamani watu waifanye. Kutoka Nungwi mpaka Mkoani ni kilomita 55 hivi kwa mstari ulionyooka. Mmoja alale Nungwi, mwengine Mkoani, wote simu kwenye tripodi zinatazama juu kabisa, picha za sekunde 15 au 30 mfululizo, saa za simu ziwe zimejiweka zenyewe kwa mtandao. Kimondo kimoja kikipita juu ya mkondo wa baina ya visiwa, mtu wa Nungwi atakikuta kwenye nyota hizi na wa Mkoani atakikuta kwenye nyota nyengine. Pima kimehama nyuzi ngapi katikati ya picha mbili. Kisha 57 mara 55, gawa kwa nyuzi hizo. Kikihama ngumi tatu, nyuzi 30, unapata kilomita 104 juu.

Ni makadirio, inafaa kimondo kikiwa juu ya vichwa vyenu sio pembeni, lakini inatosha. Pimeni kilipoanzia na kilipoishia. Vya Halley na Leonidi vinaanza kuwaka juu zaidi, 110 kwenda juu, vya Jeminidi vinaanzia 100 hivi na vinazama chini zaidi kabla ya kufa. Sehemu ya tofauti ni kasi, sehemu ni ule ugumu.

Na kabla hamjakunja mkeka, kuanzia Agosti mpaka Oktoba, angalieni mashariki saa moja hivi kabla ya adhana. Utaona mwanga mweupe hafifu umeinuka kutoka baharini. Ndio ile alfajiri ya uongo, fajri kadhibu, ambayo mafakihi walituonya tusiifunguie swala. Ni jua linaangaza vumbi lililotapakaa baina ya sayari, na sehemu kubwa ya vumbi hilo kwa hesabu za sasa ni la nyota za mkia. Huku ikweta, ukichukua mwaka mzima, inasimama wima kuliko kwa wengi, taa za mji ndizo zinazoiua.

Daftari likijaa, peleka namba zako Shirika la Kimataifa la Vimondo, lipo tangu 1988 na lina fomu ya bure kwenye tovuti yake, wanachanganya hesabu za watu wa dunia nzima kuchora mkondo unavyopanda na kushuka saa kwa saa. Angalia kitu kimoja tu, fomu inataka saa ya dunia, toa masaa matatu. Saa nane usiku wa kuamkia tarehe 14 kwao ni 23:00 ya tarehe 13, ukikosea tarehe umeripoti usiku ambao hukuwepo. Wa Nungwi na wa Mkoani mnaotaka kufanya ile ya picha mbili Desemba, pataneni mapema na mjaribu usiku mmoja wa kawaida kabla, mhakikishe simu zote mbili zinakaa na chaji masaa matatu.